Bibi Cottin na Binti wa Siberia

Kuna vitabu vinavyozaliwa kimya kimya vikaishi miaka elfu, na kuna vingine vinavyopokewa kwa vigelegele siku ya kwanza, kisha wajukuu wa wale waliopiga vigelegele hawavijui hata kwa jina. Leo twataka kunena habari za mwandishi mmoja wa jamii hii ya pili. Jina lake ni Sophie Cottin, mwanamke wa Ufaransa, naye aliandika riwaya tano tu, ya kwanza mwaka 1799 na ya mwisho mwaka 1806. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 riwaya hizo zilisomwa tangu Paris hata Urusi, zikavuka bahari mpaka Marekani. Leo Wafaransa wenyewe, ukiwatoa wanachuo wachache, hawazisomi.

Basi swali letu ni hili: je, walimwengu walifanya haki kumsahau? Nasi twajibu tangu mwanzo, ili msomaji asikae akingoja. Kwa vitabu vyake vinne walikuwa na sababu. Kwa kile cha tano walimdhulumu. Lakini hata katika hicho cha tano mna kosa moja ambalo kila mtu ashikaye kalamu yampasa alifahamu, kwa maana ni kosa la watu wenye moyo mwema, wala si la wavivu. Kabla ya kulieleza kosa hilo, na tumjue kwanza mwandishi mwenyewe.

Alizaliwa Paris tarehe 22 Machi 1770. Jina lake la nyumbani lilikuwa Marie Risteau, lakini watu walimwita Sophie. Alilelewa Bordeaux, mji wa bandari ulio kusini-magharibi ya Ufaransa, katika jamaa ya watu wa biashara. Jamaa yake walikuwa Waprotestanti, na Waprotestanti katika Ufaransa ya siku zile walikuwa kama wageni katika nchi yao wenyewe. Mwaka 1685 Mfalme Louis wa 14 aliifuta amri ya zamani iliyowapa ruhusa ya kuabudu, na tangu hapo ndoa zao hazikutambuliwa na serikali, wala watoto wao hawakuhesabiwa kuwa watoto wa halali. Haki ya kuandikisha ndoa, uzazi na vifo vyao waliipata mwaka 1787, miaka miwili tu kabla Sophie hajaolewa. Mtu aliyekua katika hali hiyo hujifunza mapema kunena kwa sauti ya chini.

Aliolewa mwaka 1789, akiwa na umri wa miaka 19, na mume wake alikuwa mwenye benki huko Paris. Mwaka huohuo Mapinduzi yalianza. Mwaka 1793 Mfalme Louis wa 16 alikatwa kichwa, na watu wenye mali waliishi kwa hofu, kila mmoja akisikiliza hatua za askari mlangoni. Katika mwaka ule bwana Cottin alifariki, Sophie akabaki mjane wa miaka 23, hana mtoto, na mali iliyokuwa nyingi imepungua sana. Akahamia Champlan, kijiji kidogo kilicho kusini ya Paris, akakaa pamoja na binamu yake aitwaye Julie Verdier, ambaye alikuwa na binti zake. Sophie akawatunza watoto wale kana kwamba amewazaa yeye. Hayo ndiyo maisha yake: bustani, watoto wa mwenziwe, barua kwa rafiki, na jioni ndefu.

Husimuliwa kwamba hakuanza kuandika kwa kutaka sifa. Rafiki yake mmoja alikuwa hatarini, akahitaji fedha ili aikimbie nchi. Bibi Cottin hakuwa na fedha za kumpa, lakini alikuwa na kurasa alizoziandika kwa kujiburudisha moyo, akazipeleka kwa mpiga chapa. Ndivyo ilivyotokea riwaya ya kwanza, Claire d'Albe, mwaka 1799. Jina la mwandishi halikuwekwa.

Kulificha jina hakukuwa hila ya biashara. Yeye mwenyewe aliamini kwamba haimpasi mwanamke kujitokeza mbele ya watu kwa vitabu. Katika riwaya yake ya pili, Malvina, aliweka maneno ya kuwalaumu wanawake watungao riwaya, na huku yeye mwenyewe anatunga! Mtu aweza kucheka akisikia hayo. Sisi hatucheki. Twamwona mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba mahali pake ni ndani, ambaye amekwisha kutoka nje, na kila hatua atazama nyuma kama mtoto aliyekatazwa kwenda mtoni. Aliandika akiwa na aibu, lakini aliandika. Na aibu ile haikuuzuia mkono wake. Kwa hayo twampa heshima.

Sasa tuvipime vitabu. Claire d'Albe ni hadithi iliyoandikwa kwa njia ya barua. Claire ni mke kijana wa mzee mwema mwenye kiwanda, akaaye mashamba. Mzee amkaribisha nyumbani kijana wa jamaa yake, jina lake Frédéric, na kijana yule na Claire wapendana. Wanaelewa kwamba haifai, na kwa muda mrefu wajizuia. Mzee atambua. Hakasiriki, bali kwa kutaka kuwaokoa ashauriana na Élise, rafiki mpenzi wa Claire, nao watunga uongo: Claire aambiwe kwamba Frédéric amemsahau, na Frédéric aambiwe kwamba Claire amekwisha kutulia. Uongo ule ndio umwangamizao Claire. Kijana augundua, arudi, na yale yaliyozuiwa miezi mingi yatokea siku moja; kisha Claire afa kwa majuto.

Bibi de Genlis, aliyekuwa mwandishi mwenye sauti kubwa katika Ufaransa ya siku zile, alikilaumu kitabu hiki kuwa chapotosha adabu. Sisi pia hatungekiweka mikononi mwa vijana wa shule, ila sababu yetu ni nyingine. Mwandishi ayaonyesha mapenzi kama mafuriko: maji yaja, nyumba yachukuliwa, hakuna wa kulaumiwa. Hapo twakataa, kwa maana mwanadamu si nyumba ya udongo. Lakini ndani ya hadithi mna jambo moja la kweli na la thamani ambalo wakosoaji wengi walilipita. Watu wawili wema, mume na rafiki, walidhani kwamba uongo ukisemwa kwa nia njema hugeuka dawa. Ni wangapi kati yetu, wazazi na walimu, ambao hawajapata kudhani hivyo? Kwa kurasa zile peke yake kitabu chastahili kukumbukwa, na twafurahi kwamba mwaka 2002 kilipigwa chapa tena huko Marekani kwa ajili ya wanafunzi wa vyuo.

Malvina na Amélie Mansfield ndizo zilizofuata. Ya kwanza ni habari za mjane aliyemwahidi rafiki yake anayekufa kwamba atamlea mtoto wake, kisha akapenda mwanamume. Mwisho wake ni wazimu na mauti. Ya pili ni habari za mwanamke wa ukoo mkubwa wa Ujerumani aliyeikataa ndoa iliyopangwa na babu yake. Mwisho wake pia ni mauti. Msomaji akifika hapo huanza kujua mapema kaburi litachimbwa wapi. Bibi Cottin alikuwa kama mpishi hodari wa kitoweo kimoja. Watu wa zamani zake walikuwa wametoka katika miaka ya damu, na wengi walikuwa na wafu ambao hawakuweza kuwalilia waziwazi. Yeye aliwapa mahali pa kulilia. Hiyo ni kazi ya rehema, lakini vizazi vilivyofuata, vyenye misiba yao mingine, havikuona sababu ya kulia mahali pale.

Mathilde, ya mwaka 1805, ndiyo iliyomletea sifa kubwa kupita zote. Ni hadithi ya Vita vya tatu vya Msalaba, vilivyopiganwa mwaka 1189 hata 1192. Rafiki yake Michaud, ambaye baadaye alijulikana sana kwa kuandika historia ya vita hivyo, ndiye aliyemwandikia maelezo ya kihistoria ya mwanzo wa kitabu. Katika hadithi, Mathilde, dada yake Richard mfalme wa Uingereza, atekwa na Malek-Adhel, nduguye Sultani Salahuddin, nao wapendana. Mathilde huyu ni wa kubuni, lakini jambo lenyewe lina mzizi katika historia. Mwaka 1191 Richard alitoa shauri kwamba dada yake Joan aolewe na al-Adil, ndugu wa Salahuddin, ili vita viishe kwa arusi. Shauri lile halikutimia.

Malek-Adhel akawa kipenzi cha Ulaya. Mafundi wa Ufaransa walitengeneza saa za mezani zenye sanamu yake juu ya farasi. Pushkin, mshairi mkuu wa Urusi, alimtaja katika Eugene Onegin miongoni mwa mashujaa ambao msichana Tatiana aliwaota, ila akaongeza kwamba riwaya yenyewe ni ya wastani tu. Turgenev naye, katika hadithi zake za mwindaji, alimpa farasi mmoja jina la Malek-Adel. Tazama safari ya umaarufu: kutoka moyo wa msomaji, mpaka saa ya mezani, mpaka jina la farasi, kisha kimya.

Twamshukuru Bibi Cottin kwa jambo moja katika kitabu hiki. Katika nchi ambamo watu walizoea kumchora Mwislamu kama mkatili, yeye alimfanya kuwa mtu wa ahadi, mkarimu na shujaa kupita mabwana wengi wa Kikristo waliomzunguka. Lakini hakuthubutu kumwacha hivyo. Mwishoni Malek-Adhel auawa kwa hila, naye abatizwa akiwa karibu kukata roho, kisha Mathilde aingia utawani. Sisi tu Wakristo, wala hatuoni haya kusema kwamba twautamani ubatizo kwa kila mtu. Lakini ubatizo wa kitabu hiki si tunda lililoiva mtini, ni mlango ambao mwandishi aliufungua kwa haraka ili msomaji wa Paris asione vibaya kumlilia Mwislamu. Heshima inayomngoja jirani abadilike kwanza ndipo itolewe si heshima kamili, na sisi tunaoishi mlango kwa mlango na Waislamu twalijua jambo hili kuliko Bibi Cottin alivyolijua.

Sasa twafika katika kitabu cha tano, Élisabeth, au Wahamishwa wa Siberia, kilichotoka mwaka 1806. Siberia ni nchi kubwa ya baridi upande wa kaskazini ya Asia, na wafalme wa Urusi waliwapeleka huko watu waliohukumiwa. Katika hadithi hii bwana mmoja mkubwa wa Poland amehamishiwa huko na mke wake na binti yao mmoja, Élisabeth, nao wakaa peke yao katika jimbo la Tobolsk. Binti amwona baba yake akinyauka kwa huzuni. Aazimu kwenda kwa miguu mpaka kwa Kaisari kumwombea baba msamaha. Kwa muda mrefu aificha nia yake. Kisha awaambia wazazi, nao baada ya kulia wamwachilia. Aondoka pamoja na mmisionari mzee, Padre Paul, lakini mzee afariki njiani, na binti aendelea peke yake. Milango mingine yafunguliwa, mingine yafungwa. Mwisho afika Moscow siku ambazo Kaisari Alexander wa Kwanza avikwa taji, na baba yake asamehewa.

Katika vitabu vyake vyote hiki ndicho peke yake kisichoishia kaburini wala utawani. Ni kifupi. Lugha yake imetulia. Kilio kipo, lakini hapa wanaolia ni watu wenye kazi ya kufanya, na wakisha kulia huondoka wakaifanya. Tena tukumbuke wakati kilipoandikwa. Mwezi wa Desemba 1805 majeshi ya Napoleon yalipigana na majeshi ya Alexander huko Austerlitz, na mwaka uliofuata mwanamke huyu wa Paris akatoa kitabu ambacho ndani yake Kaisari wa Urusi ni mtu wa huruma. Kwa ujasiri huo wa upole twamsifu.

Kitabu kilipendwa mno. Kilifasiriwa katika lugha nyingi za Ulaya. Mwaka 1819 Pixérécourt alikitumia kutunga mchezo wa jukwaani huko Paris, na mwaka 1827 mtunzi wa muziki Donizetti akauonyesha huko Napoli mchezo wa kuimbwa uliotokana na hadithi hiyohiyo.

Lakini hadithi hiyo ilikuwa na mwenyewe. Bibi Cottin hakulificha jambo hilo. Katika maneno yake ya mwanzo alisema kwamba tendo hili ni la kweli. Msichana aliyelitenda aliitwa Praskovya Lupalova. Baba yake hakuwa bwana mkubwa wa Poland, alikuwa afisa wa jeshi asiye na jina kubwa, naye alihamishiwa Ishim katika jimbo la Tobolsk. Praskovya alifika Petersburg mwaka 1804, akapokewa katika jumba la Kaisari, baba yake akafunguliwa. Kisha akaingia utawani, akafariki Novgorod mwaka 1809, angali kijana.

Habari zake kamili ziliandikwa na Xavier de Maistre, mtu wa Savoy aliyekuwa afisa nchini Urusi, katika kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1825. De Maistre alikiandika makusudi ili kumrudishia msichana yule hadithi yake, kwa kuwa riwaya ilikuwa imempa mchumba ambaye hakuwa naye. Nasi tukiviweka vitabu hivi viwili bega kwa bega, ndipo twaliona lile kosa tulilolitaja mwanzo.

De Maistre asimulia kwamba Praskovya aliondoka kwao na rubla moja ya fedha. Maskini wawili, wahamishwa kama baba yake, walitaka kumpa vipande vichache vya fedha walivyokuwa navyo, naye akaona haya kuvipokea. Usiku mmoja alilala kwa mzee na mke wake ambao uso wao haukumpendeza. Gizani walimpekua, wakaihesabu akiba yake, naye akalala akitetemeka akidhani wataiiba. Baadaye alipoifungua akakuta imeongezeka. Safari nyingine alichukuliwa na wenye magari yanayokokotwa na farasi juu ya theluji. Baridi ilikuwa kali hata shavu lake likaanza kufa ganzi, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na vazi la ngozi la pili. Wakapatana kwamba kila mmoja avue lake ampe msichana kwa mwendo kidogo, kisha ampokee mwenzake, na hivyo zamu ikazunguka mpaka wakafika. Huko Ekaterinburg bibi mmoja alimweka nyumbani kwake akamfundisha kusoma na kuandika. Na Petersburg alisimama siku nyingi katika ngazi za Seneti, ameinyosha mkononi karatasi ya maombi yake, na wakubwa wakampita.

Basi tuulize: Bibi Cottin alifanya nini na tendo hili? Aliongeza mambo matatu. Alimpa baba ukoo mkubwa, kana kwamba machozi ya afisa mdogo hayatoshi kumhuzunisha msomaji. Alimpa binti mchumba, Smoloff, mwana wa liwali wa Tobolsk, kana kwamba msichana hawezi kutembea nchi nzima kwa kumpenda baba yake tu. Tena alimfanya mchumba huyo awe karibu na Kaisari katika saa ile ya haja.

Nyongeza hii ya tatu ndiyo iliyoharibu zaidi. Katika riwaya mlango wa Kaisari wafunguka kwa sababu binti amefahamiana na mtoto wa mkubwa. Katika habari ya kweli mlango ule haukuwa na mtu wa kumfungulia. Alifika pale kwa rubla moja, kwa vipande vya fedha vya maskini, kwa mavazi ya ngozi ya wenye magari, na kwa kusimama katika ngazi za baridi. Ni kweli kwamba mwishowe mabibi wakubwa wa mji walimshika mkono wakamfikisha katika jumba la Kaisari. Lakini walimkuta amekwisha kufika mlangoni, na waliomfikisha mlangoni ni watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Riwaya iliwaondoa watu hao, au iliwapunguza, ili ipate nafasi ya kumweka Smoloff.

Waswahili husema mtu ametia chumvi katika habari, yaani ameizidisha. Chumvi si mbaya, na mpishi hulaumiwa pia kwa chakula kisicho na chumvi. Ila samaki aliyetoka baharini asubuhi hii hahitaji kutiwa chumvi kama ng'onda. Chumvi nyingi ni ya samaki anayeogopewa kuoza. Bibi Cottin aliletewa samaki mbichi, naye kwa mazoea ya vitabu vinne akamtia chumvi ileile. Hakuamini kwamba msomaji atavutwa na msichana maskini, mtoto wa mtu asiye na jina, asiyependwa na kijana yeyote, anayetembea tu. Twadhani hapo ndipo alipopoteza nafasi ya kuandika kitabu kisichokufa.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Laiti Bibi Cottin hangeandika, labda de Maistre naye asingeona haja ya kusahihisha, na Praskovya angalikuwa jina katika daftari la watawa wa Novgorod. Riwaya yenye kasoro iliibeba habari ya kweli mpaka akapatikana mtu wa kuisema vema. Tena tukumbuke kwamba de Maistre alikaa Urusi miaka mingi. Bibi Cottin alikuwa na uvumi tu uliomfikia Ufaransa, na alikuwa na haraka ambayo pengine yeye mwenyewe hakuijua. Mwishoni mwa Élisabeth aiweka kalamu chini katikati ya furaha, akieleza kwamba akiongeza hata ukurasa mmoja, aogopa msiba utaingia humo. Kitabu kilitoka mwaka 1806. Mwezi wa Agosti 1807 Bibi Cottin alifariki Paris kwa ugonjwa wa saratani ya titi, akiwa na umri wa miaka 37.

Je, kwa nini twawasumbua wasomaji wetu kwa habari za mwanamke huyu wa mbali? Ni kwa sababu wengi wa wanaoandika katika kurasa kama hizi ni walimu, na mwalimu ndiye aombwaye kila mara kutunga hadithi za vitabu vya shule au kuandika habari za wazee wa mahali pake. Twaletewa habari za mama aliyewasomesha watoto kwa kuuza maandazi, au za mtoto aliyemwongoza babu yake kipofu mpaka hospitali, mwendo wa siku mbili. Papo hapo mkono wetu huingia katika kibuyu cha chumvi. Yule mama twamfanya binti wa mfalme aliyepotea. Yule mtoto twamkutanisha njiani na tajiri mwenye motokaa. Twadhani twaipamba habari, kumbe twawaambia wanafunzi wetu kwamba mtu mdogo hatoshi kuwa kisa, na kwamba wema hauna nguvu mpaka mkubwa aupitie njiani.

Shauri letu kwa walimu wenzetu ni jepesi. Kisimulieni darasani kisa cha binti wa Siberia kwa njia zote mbili, siku ya kwanza kama Bibi Cottin alivyokitunga, siku ya pili kama de Maistre alivyokieleza. Kisha waulizeni watoto ni mtu gani wanayemkumbuka baada ya juma moja: mwana wa liwali, au wenye magari waliovua mavazi yao kwa zamu katika theluji.